Turubai la barazani: linatandikwa, linatundikwa au linawambwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Tabora, mitaa ya Ipuli. Baraza langu linatazama magharibi, kuanzia saa nane jua linaingia mpaka mlangoni, nikamwita fundi aniwekee turubai la kuzuia jua. Mzee jirani akapita akasema "kumbe unawamba chandarua", vijana wakacheka sana. Nani kakosea hapo? Na ni turubai imechanika au limechanika?

JIBU: Marahaba. Mzee hajakosea hata kidogo, hao vijana wamewahi tu kucheka. Chandarua (wengine walikuwa wanaandika chandalua) zamani ilikuwa ni nguo yoyote inayotandwa juu ya watu kuwapa kivuli, ukifungua kamusi ya Johnson ya 1939 utakuta maana zote mbili, ya kivuli na ya kukinga mbu. Sasa hii ya mbu imeimeza mwenzake kabisa, na wala sishangai, maana tangu Hati Punguzo (ile vocha ya wajawazito ya kununulia chandarua cha mbu kwa bei nafuu) ianze 2004 ukienda kliniki ni chandarua, ukifungua redio ni chandarua, kijana wa leo hiyo ya kivuli ataisikia wapi? Kwa hiyo neno ni halali ila kwa fundi usilitumie, atakuuliza unataka nne kwa sita au sita kwa sita. Mwambie turubai la barazani, ataelewa.

Ila mimi kilichonifurahisha ni kile kitenzi chake, kuwamba! Watu siku hizi kila kitu ni "kuweka", kuweka turubai, kuweka bati, kuweka pazia, wakati lugha imeshatugawia kazi zote hizo. Unatandika mkeka au shuka, kitu kinalala. Unatundika shati kwenye msumari, linaning'inia. Unaezeka nyasi au mabati (ndiyo maana upepo ukija tunasema umeezua mapaa, haujayatandua). Kuwamba ni kuvuta kitu pande zote mpaka kikaze kwenye fremu, vile ngozi inavyowambwa kwenye ngoma au kamba kwenye kitanda cha kienyeji.

Na hapa si suala la lugha tu jamani, fundi akilitundika tu hilo turubai litalegea katikati, mvua za Novemba zikianza maji yatajaa pale kama beseni, uzito unavuta, ringi zinang'oka moja baada ya nyingine na fundi hapokei simu. Mwambie aliwambe kwenye bomba za chuma, upande wa ukutani uwe juu na wa mbele uwe chini maji yateremke yenyewe. Jua lako ni la jioni linakuja limeinama, kwa hiyo hata huo upande wa mbele kushuka kunakusaidia. Ukiwa na subira panda na mwembe, Tabora miembe haijawahi kutuangusha.

Hilo la mwisho ni fupi: turubai limechanika, maturubai yamechanika. "Turubai imechanika" utaisikia stendi na sokoni kila siku na hakuna atakayekushtaki, ila kwenye maandishi rasmi weka li-. Chandarua chenyewe ni ki-vi, kimewambwa, vimewambwa.

Halafu huyo mzee muulize kama ana mengine ya hivyo, utuletee.