Mkuu usitume hiyo hela kwanza, bandika maikrofoni sio akselerometa

Mkuu SIMAMA HAPO HAPO. Kwa nilivyokuelewa, kanopi ya bati (lile boksi linalofunika) ya jenereta ya gesti yako inavuma, jirani analalamika, na unataka kubandika piezo (vile vibandiko vinavyotikisika vikipewa umeme) na sensa nne za akselerometa ili kikompyuta kilitulize bati. Hivyo hivyo ndo nilivyofanya mimi, na hela yenyewe ilikuwa ya tofali, ndo maana mpaka leo nakaa kwa shemeji (hajambo, anawasalimu).

Akselerometa inapima bati linavyotikisika. Jirani yako hana habari na bati kutikisika, yeye anasikia sauti, na hivi vitu haviendi sambamba kama unavyodhani. Kuna mtikisiko ambao bati zima linatoka nje na kurudi ndani kwa pamoja, huo unasukuma hewa kama spika na ndo unaovuka ukuta. Halafu kuna mitikisiko mingine nusu ya bati inatoka wakati nusu inaingia, hapo hewa inahamahama tu pale pale juu ya bati, ukiligusa mkono unakufa ganzi lakini kwa mlio mzito kama huo wako jirani hasikii cha maana. Jenereta ya silinda 4 kwenye 1500 rpm (mizunguko kwa dakika) inalipua mara 50 kwa sekunde, ndo Hz 50, na wimbi la sauti hiyo hewani lina urefu wa karibu mita 7, na bati lako sidhani kama linafika hata mita 2, kwahiyo hizo nusu mbili zinafutana zenyewe kabla sauti haijafika popote.

Sasa mtambo wangu uliambiwa upunguze kinachosomwa na akselerometa. Ukapunguza! Desibeli kama 20 kwenye skrini, nikapiga picha nikarusha kwenye grupu, hongera zikamiminika. Natoka nje ya geti, mvumo uko pale pale, na upande wa dirisha la jirani UMEZIDI. Piezo zilikuwa zimetuliza pale tu penye sensa, kwingine kote bati limebadilisha namna ya kutikisika na likaangukia kwenye ule mtikisiko wa kusukuma hewa. Yaani nimelipia ushuru bandarini ili nimtengenezee mtu kelele. Jirani akaniuliza kama nimeleta jenereta kubwa zaidi, nikamjibu ndiyo, ulitaka nimwambieje?

Na yule "mtaalamu" aliyeniuzia, sijamsamehe. Kila nikiuliza ananiambia mtetemo ukiisha na kelele imeisha. Sawa, ukiisha WOTE. Huu uliisha kwenye sehemu nne alizoniuzia sensa, na alivyoona hamna kitu akanishauri niongeze sensa nyingine nne, bei ya rafiki eti! Amplifaya ya volti 200 ya kuendesha hizo piezo nayo alinipa yeye. Sasa hivi nikimpigia simu inaita mpaka inakata.

Kwahiyo shika hili moja: piezo bandika kwenye bati ukipenda, ila kinachoongoza mtambo iwe MAIKROFONI, tena kadhaa, zipangwe ukutani upande wa huyo anayelalamika, maana ukiweka moja utapata kimya pale ilipo tu. Usishtuke bati likitikisika kuliko mwanzo huku jirani amelala. Chris Fuller na wenzake pale Virginia Tech, Marekani, walishalionyesha hili tangu miaka ya 1980, unasukuma chuma lakini unapima sauti. Umeshapanda ndege ya Dash 8 Q400, hizi za ATCL au Jambojet? Zimetengenezwa na maikrofoni ndani ya kabini na vitikisio vimefungwa kwenye mbavu za ndege, vinapambana na mvumo wa pangaboi. Mapanga 6 kwenye 850 rpm ni Hz 85, sio mbali sana na tatizo lako. Wale wenye hela zao wanasikiliza abiria anachosikia, wewe na mimi tunahangaika kupima bati.

Halafu kabla ya yote washa jenereta usiku ikiwa na mzigo, egemeza kiroba cha mchanga kwenye hilo bati uhamishe hamishe. Kama mvumo kwa jirani haubadiliki popote unapokiweka, basi bati halina kosa, kelele inatokea kwenye ekzosi au tundu la hewa na piezo hazitakusaidia hata ukibandika mia.

Uliuliza pia mambo ya mvua na sijui bodi gani ya kununua, hayo wakuu wengine watakuja. Wewe fanya hilo la kiroba, uje uandike hapa umesikia nini, hela ikiwa bado iko kwenye simu yako.