Porsche 911 au Corvette iliyotumika?

Mkuu, umeuliza kati ya 911 Carrera ya 2006 na Corvette C6 (kizazi cha sita) ya umri huohuo, na pesa ya matengenezo si nyingi. Kwa sharti hilo la mwisho, chukua Corvette. Injini yake ya V8 ni ya muundo wa kizamani, kamshafti (shafti inayofungua valvu) moja tu, injini za familia hiyo zimo kwenye magari mengi ya General Motors, kwa hiyo spea na mafundi wanaoielewa si adimu. Za 2008 kuendelea zina injini ya LS3 ya lita 6.2, tafuta hizo. Z06, toleo kali la Corvette hiyo, ni habari nyingine: miongozo yake ya valvu (valve guides) inajulikana kwa kulika.

911 ina usukani mtamu zaidi, sibishi, na ndani imetulia (plastiki za Corvette hizo, tuache tu). Kinachonitisha ni beringi ya IMS, yaani ya shafti ya kati ndani ya injini. Iliyowekwa miaka hiyo haivunjiki ovyo, lakini ikivunjika injini imekwenda, na kuibadilisha ni mpaka injini ipasuliwe yote. Carrera za modeli ya 2009 hazina beringi hiyo kabisa. Ukiweza kujivuta hadi hapo, nabadilisha jibu langu.

Lolote utakalochagua, dai rekodi za sevisi kabla ya kujadili bei.