Kila kitu kikawa ufunguo

Asubuhi ile nyumbani Ngamiani, baba aliamka mkono wa kulia umelegea, mdomo umekwenda upande. Mama akamuuliza, chai au uji? Akajibu, "Ufunguo." Tangu hapo maji yakawa ufunguo, choo ufunguo, nami mwanawe ufunguo.

Majirani wakasema kachezewa. Wengine, akili imehama. Akili ilikuwepo tele: mletee kanzu siyo, anaitupa! Kilikuwa kiharusi, kimepiga upande wa kushoto wa ubongo. Kwa watu wengi huko ndiko yaliko makao ya lugha, na ndiko unakoendeshwa mkono wa kulia, basi viwili hivyo mara nyingi huondoka pamoja. Kupotewa na lugha namna hii huitwa afasia. Mwaka 1861 daktari Mfaransa, Paul Broca, alieleza habari za mgonjwa aliyebakiwa na "tan" tu, hata akajulikana kwa jina la Tan. Niliposoma hayo nilicheka, kisha nikalia.

Ukiona mdomo umepinda au maneno yamevurugika ghafla, kimbilia hospitali saa ileile. Sisi tulipoteza siku mbili kwenye mafusho.

Halafu tukawa tunampigia kelele kama kiziwi. Baya zaidi, tulimsemea. Mgeni akitoa salamu, tunaitikia sisi, mzee anageukia ukutani. Nilijifunza kunyamaza na kuhesabu kimoyomoyo, nikimngoja alitafute neno mwenyewe. Maswali nikayakata: "Wali? Ugali?" huku nikionyesha kwa kidole. Daftari la mjukuu tukalichora kikombe, kitanda, msikiti.

Lakini lililotushangaza ni wimbo. Jioni moja redio ilipiga taarabu ya zamani ya kikundi cha Black Star, cha hapahapa Tanga, mzee akaimba ubeti mzima bila kukwama! Alhamdu nayo anaisoma yote. Maneno ya wimbo na yaliyokaririwa tangu utotoni mara nyingi husalimika. Marekani, miaka ya 1970, wataalamu walitunga tiba kwa msingi huo: mgonjwa anaghani sentensi fupi huku mkono wa kushoto ukigonga mapigo. Nasi tukaanza na "nataka maji", kwa mahadhi ya kasida, meza ndiyo dufu. Mama aliona aibu mwanzoni, majirani watasemaje. Sasa yeye ndiye anayeanzisha.

Juzi mzee alionja kikombe, akanikazia macho. "Ufu..." Akatikisa kichwa. Nilihesabu mpaka 14.

"Uji baridi," akasema.