Maswali ya Wasomaji: Nyama, Mfungo na Monasteri

*Tumsifu Yesu Kristo. Binti yangu anajiandaa kuingia monasteri ya Wakarmeli wa Mtakatifu Teresa. Nasikia hawali nyama maisha yao yote na hufunga zaidi ya nusu mwaka. Ana vidonda vya tumbo. Je, ataweza? – Mama, Moshi*

Milele na milele, amina. Uliyosikia ni kweli, Mama, ila hukumaliziwa. Kanuni ya Wakarmeli, kama ilivyorekebishwa na Papa Inosenti IV mwaka 1247, inaagiza kufunga kila siku isipokuwa Jumapili, tangu Kutukuka kwa Msalaba (14 Septemba) hadi Pasaka, na kuacha nyama. Papo hapo inawatoa wagonjwa, wadhaifu na wenye sababu ya haki, kwa kuwa shida haina sheria. Mwaka 1432 Papa Eugenio IV alilegeza, akaruhusu nyama siku 3 kwa wiki. Mtakatifu Teresa huyo, wa Avila, alipoanzisha monasteri ya Mtakatifu Yosefu mwaka 1562 aliirudia Kanuni ya 1247, pamoja na huruma yake kwa wagonjwa.

Na kufunga huko si kushinda na njaa. Ni mlo mmoja kamili, na kitu kidogo asubuhi na jioni. Maharage, samaki, mayai na maziwa hushika nafasi ya nyama, ingawa kila monasteri ina desturi zake.

Kinachowaangusha wengi ni kuficha ugonjwa kwa kuogopa kukataliwa. Mtu anameza dawa tumboni hamna kitu, au anaziacha kabisa, mwisho anarudishwa nyumbani hoi. Kanuni ya 642 ya Sheria za Kanisa inawataka wakubwa wa shirika wapokee mwenye afya inayofaa, na wanaweza kumtumia mtaalamu kuithibitisha. Kwa hiyo binti aende na barua ya daktari inayoeleza mambo matatu: akae muda gani bila kula, dawa zipi zinamezwa na chakula, na vyakula gani vinamdhuru. Ampe Mama Mkuu kabla ya kupangiwa tarehe ya kuingia. Akishapokelewa, akiambiwa anywe uji saa nne asubuhi wakati wenzake wamefunga, anywe bila kuona haya.

*Maharage yaliyoungwa kwa mafuta ya ng'ombe yanaruhusiwa Ijumaa ya Kwaresima? – Msomaji, Machakos*

Ndiyo. Tangu hati ya Papa Paulo VI ya mwaka 1966, kinachokatazwa ni nyama. Mayai, maziwa na mafuta ya mnyama ya kuungia hayamo. Supu ya nyama tungeiacha: Sheria za Kanisa za 1917 ziliikataza kwa jina, na mwenye kuinywa Ijumaa anajua kuwa anatafuta ladha ya nyama. Kuacha nyama kunawahusu waliotimiza miaka 14. Kufunga ni tangu miaka 18 hadi mtu anapoanza mwaka wake wa 60.

*Nataka kufunga Kwaresima nzima kwa mkate na maji kama watawa wa shirika la Wakartusi. Nianzeje? – Kijana, Bukoba*

Anza kwa kupunguza, ndugu yetu. Wakartusi wenyewe hula mkate na maji siku moja kwa wiki, kwa kawaida Ijumaa, nao hawashindi juani wakibeba matofali. Mtakatifu Klara wa Assisi alikuwa hali kitu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa za Kwaresima, hadi Mtakatifu Fransisko na askofu wakamwamuru ale walau wakia moja na nusu ya mkate kila siku, kama gramu 40 hivi. Baadaye yeye mwenyewe alimwandikia mtawa Agnes wa Praha apunguze ukali wa mfungo wake.

Mtakatifu Benedikto, sura ya 49 ya Kanuni yake ya watawa, anamtaka kila mtawa amweleze abati, mkuu wa monasteri, anachotaka kujinyima wakati wa Kwaresima. Kinachofanywa bila ruhusa anakihesabu kuwa majivuno. Wewe huna abati, basi mwambie padri anayekuungamisha. Chagua Ijumaa tu, siku isiyo na kazi nzito, maji unywe ya kutosha. Ukipata kizunguzungu au ukianza kutetemeka, kula saa hiyohiyo, na Ijumaa inayofuata ongeza mkate.