Anayedai ndiye alete

Mkuu, umeuliza: kwenye ule ubishi wa kijiweni kwenu Moshi, mmoja anasema Mungu yupo, mwingine hayupo, nani alete ushahidi? Wote wawili. "Hayupo" nalo ni dai. Anayesalimika ni yule anayesema tu "sijashawishika", na hapa ndipo wengi huteleza: wanaanza na "sijashawishika", dakika kumi baadaye ni "hayupo kabisa", wakiulizwa hoja wanaruka.

Tazama mlima hapo juu yenu. Mtu akidai chui aliwahi kufika karibu na kilele, si kazi yako kupekua barafu yote uthibitishe hakufika. Alete yeye. Na kweli ililetwa: mwaka 1926 mmisionari Richard Reusch alikuta mzoga wa chui umeganda ukingoni mwa kreta ya Kibo, kilele kirefu cha Kilimanjaro, akakata sikio. Sikio linashikika mkononi.

Pia kubalianeni kiwango mapema. Mahakamani, kesi ya madai huamuliwa kwa uzito wa ushahidi. Jinai hutaka kuthibitishwa pasipo shaka ya msingi. Msipopatana hapo, mmoja ataleta hoja za kutosha madai, mwenzake azipime kwa jinai, mtakesha.