Pipa halibebwi kichwani

Binti yangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Huku Kigoma hatujambo, na mama yako kifua kimemwachia. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema kila alfajiri unamkabidhi Mungu kazi yako ya mikopo, lakini ikifika saa nne, simu za marejesho zikianza, umeshajitwisha tena yote. Ukaniuliza unakosea wapi.

Hukosei, mama. Mchungaji mmoja alitufundisha kwamba lile neno "mkabidhi" la Mithali 16:3, kwa Kiebrania, ni kubingirisha. Wenzangu wakaandika kwenye madaftari. Mimi nikacheka peke yangu, maana nilikumbuka bandarini. Pipa la mafuta la lita 200 hakuna kuli aliyelitia kichwani. Wanalilaza, mmoja anasukuma, mwenzake ameshika kipande cha gogo cha kulizuia lisikimbie. Likifika kwenye kokoto linagoma. Wanatukana kidogo (Mungu awasamehe), wanasukuma tena. Basi na wewe saa nne likigoma, sukuma. Saa nane pia. Hata ukiwa umesimama mlangoni kwa mteja, sema, "Bwana, hili nalo ni lako," kisha bisha hodi.

Ila kuna jambo nililijua kwa aibu. Nilipokuwa karani wa kuhesabu mizigo, siku moja nilipakiza chumvi ya Uvinza iliyokuwa inakwenda Kalemie, ng'ambo ya ziwa kule Kongo, nikaandika magunia saba zaidi ya yaliyoingia botini. Niligundua usiku, nikiwa kitandani. Nikapiga magoti, nikamwachia Mungu ashughulike, nikalala usingizi mzuri sana. Asubuhi mwenye mzigo akahesabu upya, na kijana wa watu, kuli asiye na kosa, akaitwa mwizi mbele yangu. Nilikuwa nimemtupia Mungu kazi yangu mimi, ya kwenda kusema nimekosea. Nikaenda, nimechelewa. Nilikatwa mshahara miezi miwili. Yule kijana nilimwomba radhi. Hakujibu, aliinama akaendelea kufunga mzigo.

Kwa hiyo jina lako, cheo na matokeo mbingirishie Mungu. Hesabu na ukweli vishike mwenyewe.

Sasa huyo mama muuza mawese aliyechelewesha marejesho, unayeambiwa na meneja ukamtishe. Usimtishe, wala usimdanganye meneja kwamba hukumkuta. Mfuate asubuhi kabla wateja hawajajaa, kaa hata juu ya ndoo, pigeni hesabu pamoja mjue anaweza kutoa shilingi ngapi kwa wiki. Uandike hivyo hivyo kwenye ripoti. Meneja akifoka, hapo ndipo kwenye kokoto.

Dagaa wako wamekauka vizuri, debe zima. Niambie nimkabidhi nani kwenye basi la Tabora, maana yule kondakta wa mara ile alikula robo.

Baba yako