Msikilize aliyeburuta sledi

Unauliza kama hawa wasafiri wa shida wanaogeuka wahamasishaji wana jipya, au ni "jiamini tu" ileile. Wengi ni ileile, sibishi. Ila mwangalie Robert Swan, Mwingereza aliyefika Ncha ya Kusini Januari 1986 na wenzake wawili: siku 70 hivi kwa miguu, wakiburuta sledi, yaani vigari visivyo na magurudumu vinavyoteleza juu ya theluji, redio hawana. Kufika tu, badala ya pongezi wakaambiwa meli yao, Southern Quest, imebanwa na barafu ikazama! Mwaka 1989 akaenda tena, Ncha ya Kaskazini.

Kwenye baridi ile moyo mkuu peke yake haukufikishi popote. Ukikaza mwendo ukatoka jasho, ukisimama tu linaganda mwilini. Kwa hiyo unapunguza nguo kabla hujasikia joto, unayeyusha theluji upate maji, unakausha soksi, kesho tena. Uvumilivu wenyewe ndio huo, soksi kavu. Na lingine ambalo majukwaani hupitiwa harakaharaka: kule Ncha ya Kusini hawakurudi kwa miguu, walitolewa na ndege ya Wamarekani.